Nimeanza The Untamed, episodi mbili zimeisha sijui nani ni nani. Niendelee au nianze na nyingine?

Tulizo

Wakuu habari zenu. Mimi kwenye tamthilia za Kikorea nipo siku nyingi, za Kituruki nazo nimezimaliza nyingi tu, ila hizi za Kichina za watu wanaoruka juu ya mapanga na kupigana kwa uchawi ndio naingia sasa. Kila ninayemuuliza nianze na ipi ananiambia The Untamed, basi nikasema ngoja niione. Nimemaliza ya kwanza na ya pili na kusema ukweli kichwa kinazunguka.

Yaani inaanza tu mtu anaanguka kutoka kwenye genge refu, watu wanafurahia kufa kwake, halafu tunaambiwa imepita miaka 16, yule yule anaamka kwenye chumba kichafu anapigwa mateke na kuitwa jina jingine kabisa. Anavaa barakoa. Wanakuja vijana wenye nguo nyeupe na vitambaa kwenye paji la uso, mara usiku mkubwa wao anatua juu ya paa na ala yake ya nyuzi, anaipiga na vurugu inatulia. Hapo hapo tunahamia mlimani kuna sanamu inayotembea, kuna kijana mwenye kiburi na alama nyekundu katikati ya nyusi, kuna mjomba wake mwenye nguo za zambarau ambaye anaonekana ana hasira na dunia nzima. Inapigwa filimbi, anatokea mtu mwenye minyororo, watu wanakimbia hovyo, na yule wa nguo nyeupe anamshika mkono mpiga filimbi na kumwangalia muda mrefu bila kusema kitu. Sijui kama hawa ni maadui, ni ndugu au kuna deni hapo kati.

Na majina ndio yameniua kabisa, steringi mmoja ana majina kama manne na kila mtu anatumia lake. Pia midomo na sauti naona haviendani, ni simu yangu au ndivyo ilivyo?

Naombeni mwongozo wa mtu mgeni kabisa. Zote ziko hivi au ni hii tu? Na tafadhali msinimalizie uhondo.

Filimbi_Nyeusi

Mkuu karibu sana, na hongera kwa kuuliza kabla hujaacha, maana wengi wanaachia hapo hapo ulipo na wanakosa tamthilia nzuri mno.

Kuna jambo ambalo wanaokupendekezea huwa wanasahau kukwambia, nalo ni kwamba episodi mbili za mwanzo zimechukuliwa karibu na mwisho wa hadithi. Hukosi kuelewa kwa sababu ni mgeni wa mambo ya Kichina, hata Wachina wenyewe waliosubiri ile tamthilia ilivyoanza kuonyeshwa kwenye mtandao wa Tencent Video mwezi Juni 2019 walitupwa katikati ya bahari vile vile kama hawakuwa wamesoma riwaya. Kuanzia ya tatu hadithi inarudi nyuma, ujana wao, shule, urafiki ulivyoanza, na inaenda hivyo hivyo mpaka kama ya 33 ndio unarudi pale ulipo sasa. Kwa hiyo maswali yote uliyonayo saa hizi, nani alimuua, kwanini mjomba ana hasira, huyu wa nguo nyeupe anamtaka nini, ndiyo hayo hayo mwandishi anataka uwe nayo. Yabebe tu. Ukifika 33 rudi uangalie tena mwisho wa ile ya pili, usikilize vizuri ule wimbo aliopiga kwenye filimbi na umwangalie usoni yule aliyemshika mkono pale pale anapousikia. Siongezi neno.

Sasa majina. Kwa desturi ya zamani ya China mwanaume akifika utu uzima, miaka 20 hivi, alikuwa anapewa jina la pili la heshima, na lile la kuzaliwa likabaki kwa wazazi, wakubwa zake na watu wa karibu sana. Jina la ukoo linatangulia. Kwa hiyo steringi wako, Wei Ying ndio jina lake la kuzaliwa, Wei Wuxian ndio la heshima, Yiling Laozu ni la sifa ambalo watu waliompa walikuwa wanamuogopa, na Mo Xuanyu ni yule kijana aliyeutoa mwili wake ili Wei Wuxian arudi. Yule mwenzake wa nguo nyeupe ni Lan Zhan kwa kuzaliwa, Lan Wangji kwa heshima, Hanguang-jun kwa sifa. Ni kama mtu ambaye nyumbani wanamwita hivi, ofisini vile, na waliosoma naye wana jina lao, hushangai kwa sababu ni wa kwenu. Na hapa kuna utamu wake, maana ukishazoea utaanza kusikia mapenzi na chuki ndani ya majina. Wei Wuxian anamwita mwenzake Lan Zhan tangu wanakutana, bila ruhusa, mbele za watu, kwa mtu ambaye familia yake ina sheria zaidi ya 3,000 zilizochongwa kwenye jiwe. Hilo peke yake ni uchokozi. Halafu sikiliza ni nani anamwita yeye Wei Ying, na wengine wakiwa wamekasirika wanamwitaje.

Kama majina bado yanakusumbua shika rangi. Koo kubwa ni tano tu. Lan wa Gusu ni weupe na bluu iliyopauka na kile kitambaa cha paji la uso. Jiang wa Yunmeng zambarau, hao ndio waliomlea Wei Wuxian. Jin wa Lanling ni dhahabu na alama nyekundu katikati ya nyusi, matajiri. Wen wa Qishan ni nyekundu na nyeupe, jua ndio alama yao, na ukiwaona ujue kuna shida. Nie wa Qinghe ni wale wa kijani na kijivu wanaotumia mapanga mapana. Mtu akiingia kwenye skrini angalia nguo kwanza, jina litakuja lenyewe baadaye.

Na nguvu zao, maana hii inawachanganya wageni sana. Hawa sio miungu. Ni binadamu wanaojinoa, wanakaa kimya kutafakari, wanafanya mazoezi ya upanga na ala za muziki, na baada ya miaka wanatengeneza ndani ya mwili kitu kama kiini cha dhahabu ambacho ndio ghala la nguvu zao. Asiyekuwa na kiini hawezi hata kuruka na upanga. Hiyo ndio njia inayokubalika. Wei Wuxian yeye jina lake lilichafuka kwa sababu alikuja kutumia nguvu nyingine, ile ya kinyongo cha watu waliokufa vibaya, ndio maana ya ile filimbi na yule mwenye minyororo. Kwanini mtoto mwenye kipaji kuliko wenzake aache njia iliyonyooka achukue hiyo? Hilo ndio swali la tamthilia nzima na jibu lake litakuumiza, ila halipo karibu.

Kisa_na_Mkasa

Mimi naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu, sio kwamba Untamed mbaya, naipenda mno, ila kumpa mtu mgeni ndio ya kwanza naona ni kumuonea. Episodi 50, koo tano, hadithi inaanzia mwishoni, mapenzi yenyewe yamefichwa kwenye macho. Mtu ametoka kwenye Kikorea episodi 16 amezoea kila kitu kinaeleweka ndani ya saa moja.

Mimi ningempa Love Between Fairy and Devil ya 2022, ya mtandao wa iQIYI, episodi 36. Watu wawili tu ndio wa kuwashika. Binti wa ua la okidi, Xiao Lanhua, mpole, muoga, nguvu zake ndogo, anaishi mbinguni anatunza vitabu vya majaliwa ya watu. Kwa bahati mbaya anamfungulia Dongfang Qingcang, mkuu wa kabila la Mwezi aliyefungiwa mnarani maelfu ya miaka kwa sababu alikuwa tishio kwa ulimwengu wote. Laana inawafunga pamoja, binti akichubuka yeye anaumia, binti akihuzunika yeye machozi yanamtoka na hajui ni ya nini, maana tangu utotoni aliondolewa hisia zote. Mwanzoni pia kuna wakati wanabadilishana miili, na Dylan Wang, mwanaume mrefu amevaa nguo nyeusi za kutisha, anakaa amejikunyata anashika mashavu kama binti mdogo, na Esther Yu upande wa pili anatembea kifua mbele anaamrisha watu wazima. Nilicheka mpaka nikasimamisha video. Ila ndani ya kicheko hicho hicho wanakufundisha sheria zote za ulimwengu wa hizi tamthilia, kuna mbinguni, kuna wanadamu, kuna wale wanaoitwa waovu ambao ukiwafuatilia unakuta nao wana watu wao wa kuwalinda. Ukimaliza hiyo ukienda popote huwi mgeni tena.

Usianze na Eternal Love ya 2017 ingawa nayo watakwambia. Ni nzuri na ndio iliyowaleta watu wengi wa nje kwenye hizi tamthilia, ila ni episodi 58, Yang Mi anakuwa mbweha mweupe mwenye mikia tisa, halafu anajifanya mwanaume anaenda kusoma kwa mwalimu, halafu anapoteza kumbukumbu na nguvu anakuwa mwanamke wa kawaida mlimani, na Mark Chao anacheza watu wawili tofauti, mwalimu na mpenzi. Maisha matatu. Ukiwa hujazoea utakata tamaa.

Nuru_ya_Saba

Hapo kwenye sauti Tulizo simu yako nzima. Tamthilia nyingi za Kichina, hasa za kale na za miungu, sauti unazosikia ni za waigizaji wa sauti walioingia studio baadaye. Sababu zipo, maeneo ya kurekodia kama Hengdian kule Zhejiang yana makundi mengi yanarekodi kwa wakati mmoja, kuna mafeni makubwa ya kupeperusha nywele na nguo, watu wananing'inia kwenye waya, huwezi kupata sauti safi. Halafu waigizaji wanatoka sehemu tofauti na lafudhi zao, kuna wa China bara, wa Taiwan, wa Hong Kong, na kwenye hadithi wote wanatakiwa waongee lugha moja ya kifahari. Baada ya episodi chache sikio linazoea na hutaliona tena.

Na kuhusu urefu, ukipenda fupi chukua zilizotoka baada ya 2020. Mwezi Februari mwaka huo mamlaka ya utangazaji ya China ilitoa agizo tamthilia isizidi episodi 40 na ikahimiza watu wabaki ndani ya 30. Ndio maana Ashes of Love ya 2018 ina 63 lakini Till the End of the Moon ya 2023 imeishia 40 kamili. Ukiona ya miaka hiyo ina 36, 38, 40, ujue ni hilo agizo, ingawa mwaka 2025 lililegezwa.

Bi_Mdogo

Mi nachoomba usiangalie kwa kasi iliyoongezwa!! Najua mwanzo unaona wanakunywa chai tu wanaongea, unataka mapigano. Kwenye hizi tamthilia mapigano ndio sehemu ya kuruka ukitaka kuruka, mambo yenyewe yako kwenye chai. Nani kainama chini zaidi, nani kakaa bila kuambiwa, nani kashika kikombe hajanywa.

Na jingine, kifo. Kikorea steringi akifa amekufa. Huku mtu akifa subiri kwanza. Anaweza kuwa ameenda kuzaliwa tena duniani kama binadamu ili apitie mateso yake ya majaribio halafu arudi mbinguni na cheo kikubwa zaidi, anaweza kuwa roho yake imevunjika vipande na kuna mtu anazunguka ulimwengu mzima anaviokota kimoja kimoja. Na muda wa juu na chini haulingani, siku moja ya mbinguni ni mwaka mzima duniani, kwa hiyo usishangae mtu kashuka kaishi, kaoa, kazeeka, kafa, na wenzake kule juu ndio kwanza wanamalizia karamu. Ila kuna vifo ambavyo ni vya kweli, na ukishazoea kwamba wanarudi ndio kinakuja kile ambacho harudi mtu. Weka kitambaa karibu.

Filimbi_Nyeusi

Kisa_na_Mkasa hoja yako naielewa na hiyo ya okidi nami naipenda, ila mtu akishaanza kitu na tayari kichwani ana maswali yote yale, kumtoa sasa hivi ni kumkatisha. Aliyoyaandika pale juu kuhusu kushikwa mkono na kuangaliwa bila kusema kitu, huyo tayari ameshaona kilicho muhimu, kilichobaki ni subira.

Na hapo kwenye macho, Tulizo, ni vizuri ujue mapema. Hii imetoka kwenye riwaya ya mtandaoni ya Mo Xiang Tong Xiu, Mo Dao Zu Shi, na kwenye riwaya wale wawili ni wapenzi. Masharti ya utangazaji China hayaruhusu hilo, kwa hiyo tamthilia imewaacha kama marafiki wa kufa na kuzikana, na kila ambacho hakikuweza kusemwa kimewekwa kwenye wimbo, kwenye kusimama karibu, kwenye mtu anayenyamaza sekunde tatu kabla ya kujibu. Wang Yibo anacheza Lan Zhan kwa macho na koromeo tu, uso hautembei kabisa, na bado unajua lini amefurahi. Watu wengine wanasema anacheza kama ukuta. Mimi nasema warudie wakiwa wametulia.

Jaribu mpaka ya nne. Kuna usiku Wei Wuxian anarudi shuleni amechelewa, anaruka ukuta na mitungi miwili ya pombe, na pombe hapo ni marufuku. Lan Zhan anamkuta juu ya paa. Anamwambia nitakupa mtungi mmoja halafu jifanye hujaniona. Wanapigana pale juu kwenye mwanga wa mwezi, na mmoja wao muda wote anapigania mitungi isimwagike. Ukiona hilo na haikubambi basi kweli nenda kwenye okidi bila kinyongo.

Tulizo

Wakuu nimerudi, asanteni sana kwa kweli. Nilifanya mlivyosema, nikaacha kuandika majina nikashika rangi tu, na kuanzia ya tatu mambo yakafunguka kabisa, ni kama tamthilia nyingine. Ile ya juu ya paa nimeirudia. Sasa hivi nipo mbele kidogo na ukoo wa Jiang nimeupenda, hasa yule dada, Jiang Yanli, jinsi anavyowapikia supu ya mizizi ya yungiyungi na mbavu, Wei Wuxian na Jiang Cheng, yule mjomba wa zambarau enzi za ujana wake, wanagombania nyama kama watoto na yeye anacheka tu. Nina wasiwasi naye sijui kwanini, msiniambie.

Nina maswali mawili. Kwanza, Wei Wuxian anamwita shijie, lakini Jiang Cheng anamwita dada, kwani sio ndugu? Na pili, kule pangoni kwenye barafu, ile ala ilivyokuwa inampiga Wei Wuxian kila akisogea, Lan Zhan akavua kitambaa chake cha paji la uso akawafunga nacho mikono wote wawili. Ilionekana jambo la kawaida, lakini baadaye nikaona mtu kukigusa tu hicho kitambaa ni shida kubwa. Kina nini?

Halafu nimekuta huko huko kuna nyingine imeandikwa The Untamed lakini ina episodi 20. Nimechanganyikiwa, ni hii hii wameifupisha?

Bi_Mdogo

Jiang Cheng ni wa tumbo moja naye. Wei Wuxian ni mwanafunzi wa baba yao, kwa hiyo kwake yeye ni dada wa mafunzo, aliyemtangulia kwa mwalimu mmoja. Ila upendo ni ule ule, umeona mwenyewe kwenye supu 😭 sisemi zaidi

Filimbi_Nyeusi

Nimefurahi sana umeendelea mkuu.

Kitambaa kwa watu wa Lan ni alama ya kujizuia, mwanzilishi wa ukoo wao aliweka hivyo, kwamba mtu ajifunge nafsi yake. Hakiguswi na mtu mwingine isipokuwa wazazi, mke au watoto. Wei Wuxian ni mgeni pale, hajui hilo. Lan Zhan anajua. Ile ala pangoni ilikuwa inamshambulia yeyote asiyekuwa wa ukoo wao, na njia aliyoichagua ya kumwonyesha kwamba huyu ni wa kwao ndio hiyo. Alikuwa na muda wa kufikiria njia nyingine? Hapo ndio watu wanabishana miaka yote na mimi nimeshachagua upande wangu.

Ya episodi 20 iache kwanza. Ni toleo maalumu lililokatwa upya likawaweka mbele wale wawili, na limewalenga waliokwisha kuangalia 50. Ukianza nalo utakosa nusu ya familia ya Jiang na hutaelewa kwanini yule mjomba yuko vile. Zipo pia filamu mbili za pembeni, The Living Dead ya 2019 inayomfuata Wen Ning, ambaye ndio yule wa minyororo, na Fatal Journey ya 2020 ya ndugu wawili wa ukoo wa Nie. Hiyo ya pili naipenda kuliko, yule Nie Huaisang unayemuona sasa hivi na feni yake ya mkononi anakimbia masomo kila siku, kuna mengi kwake. Ila zote mbili baada ya ile ya 50, sio kabla, maana zinafichua vitu ambavyo tamthilia imetumia muda mrefu kuvificha. Ukifika 33 njoo useme.